Melanoma Isiyojulikana Ilikoanzia: Hatua za Ugonjwa na Matarajio ya Mgonjwa

Mtu anapoambiwa kwamba ana saratani, swali lake la kwanza aghalabu huwa: "Imeanzia wapi?" Kwa wagonjwa wengi daktari huwa na jibu: imeanzia kwenye titi, kwenye shingo ya kizazi, kwenye tezi dume. Lakini wapo wachache ambao, baada ya kupimwa, huelezwa kwamba uvimbe uliopatikana kinenani au kwapani ni saratani iitwayo melanoma, na kwamba mahali ilipoanzia hapaonekani.

Jibu hilo huwatia watu hofu maradufu. Mgonjwa hudhani kwamba ugonjwa umejificha mahali na unaendelea kumla, au kwamba madaktari wameshindwa kazi, au kwamba tiba haipo tena. Familia nazo huanza kuhama kutoka hospitali moja hadi nyingine zikisaka chanzo, na fedha ambazo zingelipia matibabu zikaishia kwenye vipimo.

Makala haya yanaeleza jinsi madaktari wanavyoipanga melanoma ya namna hii katika hatua, na nini mgonjwa anaweza kutarajia. Jambo kuu la kushika ni hili: kutoonekana kwa chanzo, peke yake, hakumfanyi mgonjwa kuwa katika hali mbaya zaidi. Kinachoongoza tiba na matarajio ni mahali saratani ilipokutwa, kiasi chake, na jinsi inavyoitikia matibabu.

Melanoma ni nini

Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho. Seli hizo zimejaa kwenye ngozi, lakini zipo pia ndani ya jicho, puani, kinywani, kwenye njia ya haja kubwa na katika sehemu za siri. Kwa watu weupe, melanoma huota zaidi kwenye ngozi iliyopigwa na jua kwa miaka mingi. Kwa watu weusi ni nadra zaidi, na inapotokea hupendelea nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki wa Jamaika Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliugua melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Kwa kawaida ugonjwa huanza kama baka au kinundu kinachobadilika rangi, umbo au ukubwa. Seli zake zikianza kusafiri, kituo chake cha kwanza aghalabu huwa tezi za limfu zilizo karibu: tezi za kinena kwa saratani ya mguuni, za kwapa kwa ile ya mkononi au kifuani, za shingo kwa ile ya kichwani na usoni. Uvimbe wa tezi hizo, ambao wengi huuita mtoki, mara nyingi hutokana na maambukizi, kikiwemo kifua kikuu. Hata hivyo, mtoki usiouma, ulio mgumu na unaoendelea kukua wiki baada ya wiki unahitaji kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo kinachopelekwa maabara kuchunguzwa kwa darubini.

Kati ya wagonjwa 100 wa melanoma, takriban 3 hukutwa na ugonjwa kwenye tezi au mahali pengine mwilini bila chanzo chake kuonekana. Wengi wao hugunduliwa kwa sababu ya uvimbe wa tezi.

Kwa nini chanzo hakionekani

Zipo sababu kadhaa, na si rahisi kujua ni ipi iliyomhusu mgonjwa fulani.

Sababu ya kwanza ni kwamba kinga ya mwili iliitambua saratani pale ilipoanzia na kuifuta kabisa, lakini baadhi ya seli zilikuwa zimekwisha kuondoka. Pengine hubaki alama ya ngozi iliyopauka, pengine hakibaki kitu. Maelezo haya yanaungwa mkono na uchunguzi wa jeni: melanoma nyingi zisizojulikana zilikoanzia zina alama za madhara ya jua sawa na zile zinazoonekana katika melanoma ya ngozi. Kwa maneno mengine, nyingi zilianzia kwenye ngozi, kisha zikatoweka hapo.

Sababu ya pili ni ya kibinadamu zaidi. Baka au kinundu kilikatwa au kuchomwa miaka iliyopita, kikadhaniwa kuwa chunjua au sugu, kikatupwa bila kupelekwa maabara. Mgonjwa mwenyewe huenda amesahau.

Sababu ya tatu ni kwamba chanzo kipo mahali pasipochunguzwa kwa urahisi, kama vile ndani ya jicho au katika tando laini za pua, njia ya haja kubwa na uke.

Sababu ya nne ni kwamba seli chache zenye melanini huweza kukutwa ndani ya tezi za limfu tangu awali bila kudhuru. Baadhi ya wataalamu wanaona kwamba mara chache melanoma huweza kuanzia humo humo.

Uchunguzi unaopaswa kufanyika kwanza

Maneno "chanzo hakijulikani" hayapaswi kutamkwa kwa haraka. Tangu mwaka 1963 madaktari wamekuwa na masharti ya kufuata kabla ya kufikia uamuzi huo. Masharti hayo humtaka daktari aulize kama mgonjwa aliwahi kukatwa au kuchomwa baka lolote bila kipimo cha maabara, kama aliwahi kuondolewa jicho, na kama ana kovu katika sehemu ambayo limfu yake hutiririkia kwenye tezi zilizovimba. Aidha, ni lazima macho, njia ya haja kubwa na sehemu za siri zichunguzwe.

Kwa mgonjwa, hii ina maana kwamba uchunguzi kamili hufanyika akiwa amevua nguo na viatu, katika chumba chenye mwanga na faragha. Daktari atazame ngozi ya kichwa katikati ya nywele, nyuma ya masikio, kinywani, viganja, nyayo, katikati ya vidole na kila ukucha. Mwenye mtoki wa kinena achunguzwe kwa makini miguu, sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Mwenye uvimbe wa shingo achunguzwe pua, kinywa na koo. Ikiwa saratani imekutwa kwenye ini, uchunguzi wa macho una uzito wa pekee, kwa kuwa melanoma ya jicho huwa na tabia ya kuhamia huko. Una haki ya kuomba achunguzaye awe wa jinsia yako pale inapowezekana, au uwe na msindikizaji.

Baadaye huja picha za CT za kifua, tumbo na nyonga, au picha ya PET mahali inapopatikana, na MRI ya ubongo. Picha hizi hazipigwi kwa ajili ya kusaka chanzo tu. Kazi yake kubwa ni kuonyesha kama ugonjwa umeishia kwenye tezi au umefika kwenye viungo vingine.

Uchunguzi huu ukikamilika bila chanzo kuonekana, kwa kawaida utafutaji huishia hapo. Kurudia picha zile zile katika hospitali nyingine kwa matumaini ya kukiona chanzo hakubadilishi tiba, na huchelewesha matibabu. Pia hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kuonyesha mahali melanoma ilipoanzia. Anayekuuzia kipimo cha namna hiyo umwombe maelezo ya maandishi, kisha umwonyeshe daktari wako kabla ya kulipa.

Jinsi hatua zinavyopangwa

Madaktari wengi duniani hutumia mpango wa Kamati ya Pamoja ya Marekani ya Saratani. Toleo lake la nane lilianza kutumika mwaka 2018. Mpango huo una herufi tatu: T kwa uvimbe wa mwanzo, N kwa tezi za limfu zilizo karibu, na M kwa ugonjwa uliosafiri mbali.

Katika melanoma ya kawaida, T huonyesha unene wa uvimbe kwenye ngozi na kama una kidonda. Pasipo na chanzo hakuna cha kupima, hivyo mgonjwa huandikiwa T0. Sifuri hiyo isimdanganye mtu kwamba hana saratani. Inasema tu kwamba uvimbe wa mwanzo hauonekani. Uzito wote huhamia kwenye N na M.

Melanoma ikiwa kwenye tezi za eneo moja, au kwenye kinundu cha ngozi au chini ya ngozi, na vipimo vingine vyote vikawa safi, huhesabiwa kuwa hatua ya III na si ya IV. Jambo hili ni muhimu mno. Watu wengi hudhani kwamba saratani "iliyohama" lazima iwe katika hatua ya mwisho. Sivyo.

Chukua mfano wa mwanamume wa makamo aliyeota mtoki mmoja kinenani, usiouma, uliokua kwa miezi kadhaa. Kinyama kimeonyesha melanoma, ngozi na macho havina kitu, na picha za mwili ni safi. Huyu ana tezi moja iliyohisiwa kwa mkono au kuonekana kwenye picha. Huandikiwa T0 N1b M0, na hatua yake ni IIIB. Mwenye vinundu vya ngozi pekee bila tezi huandikiwa N1c, naye pia yumo katika IIIB.

Kama upasuaji ungeonyesha kwamba tezi zenye saratani ni 2 au 3, zikiwa pamoja na ile iliyohisiwa, angekuwa N2b, na hatua yake IIIC. Tezi 4 au zaidi, tezi zilizoshikamana pamoja, au tezi zikiambatana na vinundu vya ngozi pia huingia katika IIIC. Kwa mgonjwa mwenye T0 hakuna hatua ya IIIA wala IIID.

Kama picha zingeonyesha saratani kwenye viungo vya mbali, angekuwa katika hatua ya IV. Hatua hiyo nayo ina mafungu manne. M1a ni ugonjwa kwenye ngozi, misuli au tezi za mbali. M1b ni mapafu. M1c ni viungo vingine vya ndani kama ini. M1d ni ubongo na uti wa mgongo. Kwa kila fungu hutazamwa pia kiasi cha kimeng'enya kiitwacho LDH katika damu. LDH ikiwa juu ya kawaida, matarajio hupungua.

Matarajio ya mgonjwa

Mpango huo wa hatua ulijengwa juu ya kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa tangu mwaka 1998 katika vituo vya Marekani, Ulaya na Australia. Kwa wenye melanoma ya hatua ya IIIB kwa jumla, 83 kati ya 100 walikuwa hawajafa kwa melanoma miaka 5 baada ya kugunduliwa. Kwa hatua ya IIIC walikuwa 69 kati ya 100. Wengi wao walitibiwa kabla dawa mpya hazijaenea.

Je, wasio na chanzo wako chini ya hapo? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya tafiti nyingi za awali, ulionyesha kinyume: wagonjwa wasiojulikana chanzo waliishi muda mrefu zaidi kidogo kuliko wenzao wa hatua ile ile ambao chanzo chao kilijulikana. Hilo lilikuwa kweli katika hatua ya III na ya IV. Maelezo yanayopendelewa ni kwamba mwili ulioweza kuifuta saratani mahali ilipoanzia una kinga iliyokwisha kumtambua adui.

Kwa hatua ya IV, hali imebadilika sana. Kabla ya mwaka 2011 wengi walioifikia hawakumaliza mwaka. Katika utafiti mmoja mkubwa wa wagonjwa 945 wenye melanoma isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji au iliyosambaa, waliopewa dawa mbili za kinga kwa pamoja, nivolumab na ipilimumab, 43 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024.

Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Ni za makundi ya watu, wala hazimtabirii mtu mmoja siku zake. Zinatoka pia katika nchi ambazo dawa hizo zinapatikana. Panapokosekana dawa, au mgonjwa anapofika amechelewa, matarajio hupungua. Daktari wako ataangalia idadi ya tezi, kama saratani imepenya gamba la tezi, kiwango cha LDH, magonjwa mengine uliyo nayo na nguvu za mwili wako. Mwombe aseme anachokijua kuhusu hali yako wewe.

Tiba

Kwa kuwa tiba hufuata hatua, mgonjwa asiye na chanzo hutibiwa kama mwenzake wa hatua ile ile. Katika hatua ya III, upasuaji wa kuondoa tezi zilizoathirika ndio msingi. Mguu au mkono unaweza kuvimba baada ya upasuaji huo. Uliza mapema jinsi ya kuutunza.

Baada ya upasuaji huweza kufuata dawa za kinga, kama nivolumab au pembrolizumab, kwa takriban mwaka mmoja, ili kupunguza uwezekano wa saratani kurudi. Siku hizi baadhi ya vituo huanza dawa hizo kabla ya upasuaji. Dawa za kinga huufungulia mwili breki ili upambane na saratani, lakini kinga hiyo hiyo huweza kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi za homoni. Mgonjwa anayepata kuhara kusikokoma, kubanwa na pumzi au macho kuwa manjano arudi hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri miadi.

Kundi lingine ni dawa lengwa, kama dabrafenib pamoja na trametinib. Hizi humfaa mgonjwa ambaye saratani yake ina badiliko maalumu katika jeni iitwayo BRAF. Karibu nusu ya melanoma za ngozi kwa watu weupe zina badiliko hilo. Katika zile za nyayo na kucha hupatikana mara chache zaidi. Kipimo cha BRAF hufanyika kwenye kinyama kile kile kilichotolewa. Dawa lengwa zisinunuliwe kabla jibu lake halijatoka, kwa maana asiye na badiliko hilo hazimsaidii.

Fedha na nyaraka zako

Dawa hizi ni ghali mno, na katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazipatikani kwa urahisi. Kabla ya kuuza shamba au kukopa, hakikisha una majibu ya mambo matatu: hatua kamili ya ugonjwa ikiwa imeandikwa kwa herufi T, N na M, lengo la tiba, iwe ni kuponya, kurefusha maisha au kupunguza maumivu, na gharama ya tiba nzima, si ya dozi ya kwanza pekee. Ulizia bima yako inagharimia nini, na uonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Tiba ya kinga iliyoanzwa ikakatizwa kwa kukosa fedha baada ya dozi moja huiacha familia na deni bila faida iliyotarajiwa.

Nyaraka ni mali yako ya kukulinda. Tunza nakala ya ripoti ya maabara, ripoti ya upasuaji inayotaja idadi ya tezi zilizotolewa na zilizokutwa na saratani, na picha zote. Uliza pia mahali vinapohifadhiwa vipande vya kinyama vilivyowekwa katika nta. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, jambo ambalo si utovu wa adabu kwa daktari wa kwanza, vipande hivyo vinaweza kupimwa upya bila wewe kukatwa tena.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Ripoti ya maabara imethibitisha kwa vipimo gani kwamba hii ni melanoma?
2. Je, ngozi yangu yote, kucha, macho, kinywa na sehemu za siri vimechunguzwa?
3. T, N na M zangu ni zipi, na hatua yangu ni ipi?
4. Je, upasuaji unawezekana, na dawa zitatangulia au zitafuata?
5. Je, kipimo cha BRAF kimefanyika?
6. Nitarudi kuchunguzwa kila baada ya muda gani, na dalili zipi zinirudishe mapema?

Neno kwa ambao hawajaugua

Msomaji asiye na ugonjwa huu naye ana la kufanya. Ukitolewa baka, sugu, chunjua au uvimbe wowote, iwe katika zahanati au hospitali kubwa, omba kilichotolewa kipelekwe maabara, na ripoti yake uihifadhi. Usikubali baka jeusi lichomwe kabla halijapimwa. Tazama nyayo na kucha zako mara kwa mara, na uwatazamie wazee wasioweza kuinama. Mstari mweusi wa ukucha unaopanuka, au kidonda cha unyayo kisichopona, apelekewe daktari.

Kwa aliyekwisha kuambiwa kwamba chanzo hakijulikani, safari haikuishia kwenye maneno hayo. Chanzo kikiwa kimetafutwa ipasavyo na hakikuonekana, kiacheni kilipo. Muda na fedha zilizobaki ziende kwenye ugonjwa unaoonekana, kwa kuwa huo ndio unaotibika.